Samesame, sofi na sungomaji: shanga katika ufuo wa Burundi wa Ziwa Tanganyika

Kabla ya rupia kufika Ziwa Tanganyika, ushanga ulinunua karibu kila kitu katika ufuo wa mashariki wa ziwa hilo, kutoka Ujiji, katika Tanzania ya leo, kupitia Rumonge hadi mdomo wa mto Rusizi. Ulinunua unga, samaki, mawese, mbuzi, nafasi ndani ya mtumbwi na ruhusa ya kupiga kambi. Ulinunua pia pembe za ndovu na watu. Nyingi za shanga hizo zilikuwa za kioo, lakini mtindo wake ulitokana na biashara ya zamani zaidi, ile ya vito vilivyochongwa vikawa vya mviringo.

Jiwe lililoongoza katika biashara hiyo ni akiki nyekundu ya Khambhat, katika Gujarat nchini India. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja mafundi wa huko na akiki zao. Kazi yao ilikuwa ya subira. Jiwe lilianikwa juani na kupashwa moto hadi rangi yake ya kahawia ikageuka nyekundu, kisha likabanjuliwa vipande vidogo na kuparuzwa mpaka likakaribia duara. Tundu lilitobolewa kwa keekee yenye ncha za almasi. Mwishowe shanga nyingi zilitiwa pamoja ndani ya mfuko wa ngozi pamoja na vumbi la akiki na maji, na mfuko ukaviringishwa huku na huku kwa siku kadhaa, hata zikang'aa kwa kusuguana zenyewe kwa zenyewe. Akiki za namna hiyo zilivuka Bahari ya Hindi kwa majahazi na kuuzwa katika miji ya pwani ya Waswahili karne nyingi kabla ya msafara wowote wa pwani kufika Tanganyika.

Wafua kioo wa Venice waliuona uhitaji wa shanga nyekundu, wakautengenezea mfano wa bei nafuu. Walivuta kioo cha moto kikawa mrija mrefu mwembamba wenye uwazi katikati, wakaukatakata. Vipande vilijazwa unga wa chokaa na makaa ili tundu lisizibe, vikachanganywa na mchanga na kupashwa moto huku vikikorogwa, mpaka kingo zikayeyuka kidogo na kila kipande kikawa mviringo. Baada ya hapo vilichekechwa kwa ukubwa na kusuguliwa ili ving'ae. Aina moja ilikuwa na kioo chekundu juu ya kiini cheupe, na wauzaji wa Ulaya waliiita Cornaline d'Aleppo, jina la akiki ya mji wa Halab, ingawa haikuwa na jiwe hata chembe. Unguja ushanga wa namna hiyo uliitwa samesame.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858 pamoja na John Speke, aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana katika biashara ya bara zilifikia 400 hivi, na nyingi zilikuwa na majina matatu au manne kila moja. Samesame ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote: frasila moja, yaani pauni 35 au karibu kilo 16, iliuzwa Unguja kwa dola 13 hadi 16. Wapagazi na wachuuzi waliipachika majina ya utani, kimara-pamba, kwa kuwa ilimaliza chakula cha watu, na kivunja-mji, kwa kuwa wanawake waliipenda kiasi cha kuwafilisi waume zao. Majina hayo yametungwa na wanaume, na yanawabebesha wanawake lawama ya matumizi. Hata hivyo yanaonyesha wazi ni nani aliyeamua ushanga upi upande bei na upi ushuke.

Uamuzi huo ndio uliowasumbua wenye misafara. Mnamo 1871, mwanahabari Henry Morton Stanley alipokuwa akijiandaa Unguja kwa safari ya bara, alielezwa kwamba shanga nyeusi zilikubalika Ugogo na hazikuwa na maana kwingine. Nyeupe, zilizoitwa merikani kama ile nguo ya pamba iliyotoka Marekani, zilipendwa Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, lakini zingedharauliwa Useguha na Ukonongo. Sungomaji, ushanga mkubwa wa duara uliofanana na yai la njiwa, ulithaminiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, Uguha, na ungekataliwa penginepo. Mgeni ilimpasa akisie mapema atapita wapi na atakaa siku ngapi kila mahali, kisha anunue kwa hesabu hiyo. Stanley aliondoka na magunia 22 yenye aina 11. Aliyekosea hakuwa na pa kurudishia bidhaa. Ushanga uliotoka katika mitindo uligeuka mzigo mtupu mgongoni mwa mpagazi, naye bado alidai ujira wake.

Vipimo navyo vilikuwa na utaratibu wake. Ushanga ulinunuliwa Unguja kwa uzani, na bara ukatolewa kwa urefu, ukiwa umetungwa katika nyuzi. Kipimo cha kawaida kilikuwa khete, uzi uliopimwa kwa mkono, karibu urefu wa kuizunguka shingo mara mbili; khete 10 zilifanya fundo. Kutunga kulikuwa kazi ya siku nyingi kambini. Kwa kuwa mikono na shingo za watu hazilingani, kila malipo yalikuwa na ubishi wake, na mwenye mkono mfupi alipendelewa kuwa mlipaji.

Ujiji ndiyo iliyokuwa soko kuu la ufuo huu. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika huko Februari 1874, aliwakuta watu wa Uguha, Uvira, Urundi (Burundi ya leo) na makabila mengine ya kandokando ya ziwa wakiuza na kununua mahali pamoja. Bei zote zilitajwa kwa sofi, ushanga mrefu kama kipande cha kiko kilichovunjika. Sofi ilikuwa mrija uliokatwa tu, bila kupewa umbo la duara, na kwa mapambo haikufikia samesame. Lakini ndiyo iliyokuwa sarafu. Asubuhi, soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko iliyojaa sofi walikaa tayari kubadilisha. Mwenye samesame au shanga nyingine alipewa sofi, akaenda kununua chakula. Soko lilipofungwa, wauzaji walizirudisha sofi kwa wale wale wenye mifuko na kupewa shanga walizozitaka. Wabadilishaji walipata faida asubuhi na jioni. Hao walikuwa wavunja fedha kamili, wakifanya kazi mahali ambapo hapakuwa na benki wala sarafu ya chuma, na pengine ubaya wa sofi kama pambo ndio uliowafaa: ushanga usiopendwa shingoni haufichwi nyumbani, unarudi sokoni.

Kutoka Ujiji, ushanga ulielekea kaskazini kwa mitumbwi ya Wajiji, mabaharia hodari waliofuata ufuo na kulala nchi kavu kila usiku. Burton na Speke walisafiri hivyo Aprili 1858 walipokwenda Uvira kuutafuta mto Rusizi, na waliilalamikia pwani ya Urundi kuwa haina ukarimu. Bandari moja tu, Wafanya, waliikuta ikiwapokea wageni, na kutoka hapo wakavuka ziwa kwenda Ubwari. Kila kituo kilikuwa na hongo yake, yaani ushuru wa kupita, iliyolipwa kwa nguo, vitindi vya shaba na shanga. Miaka 13 baadaye Stanley na mmisionari David Livingstone walipita njia hiyo hiyo wakathibitisha kwamba Rusizi huingia ziwani wala hautoki.

Livingstone mwenyewe ni mfano wa maana ya ushanga katika maisha ya mtu wa ziwani. Aliporudi Ujiji kutoka Manyema, magharibi ya ziwa, mnamo 23 Oktoba 1871, alikuta aliyekabidhiwa bidhaa zake, Sherif, ameziuza zote ili ajipatie pembe na watumwa. Katika nguo yadi 3,000 hakusaliwa na hata yadi moja, na katika shanga pauni 700, yaani zaidi ya kilo 300, hakubakiwa na hata uzi mmoja. Mtu aliyekuwa mashuhuri Uingereza nzima alikuwa fukara Ujiji, kwa kuwa umashuhuri haukupimwa kwa khete.

Upande wa Burundi ulikuwa na vya kutoa. Uwanda wa Imbo, ambamo Rumonge imo, unafaa michikichi, na mawese yake yalisafirishwa ziwani kabla ya ukoloni kama yanavyosafirishwa leo. Nafaka, mbuzi na pembe viliteremka kutoka milimani. Chumvi ya Uvinza, nguo, vitindi na shanga vikapanda. Katika Kirundi shanga huitwa amasaro, nazo zilivaliwa shingoni, mikononi na kiunoni. Hazikuchukua nafasi ya ng'ombe. Ufalme wa Burundi ulihesabu utajiri na utii kwa ng'ombe, na mfalme wake, Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala hadi kifo chake mwaka 1908, aliwazuia wafanyabiashara wa pwani wasipenye hadi milimani. Kwa sababu hiyo ushanga ulikuwa fedha ya ufuoni, na ulipopanda milimani ulikuwa pambo na zawadi.

Biashara hiyo ilikuwa na damu ndani yake. Mwinyi Kheri, kiongozi wa Waswahili wa Ujiji hadi alipofariki mwaka 1885, alikuwa na maslahi hadi pwani ya Burundi na Uvira. Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alifika Ujiji mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kutumia bunduki zaidi kuliko bidhaa. Aliutiisha ufuo wa Uzige, ilipo Bujumbura sasa, lakini majeshi ya Mwezi Gisabo yalimzuia kuuteka ufalme. Wamisionari wa Kikatoliki waitwao White Fathers walifungua kituo Rumonge mwaka 1879, wakiwakomboa watoto watumwa kwa kuwanunua kwa bidhaa zile zile za soko. Tarehe 4 Mei 1881, mzozo juu ya mtoto mmoja uliishia kwa mapadri Deniaud na Augier na msaidizi wao D'Hoop kuuawa na watu wa jirani, na kituo kikaachwa. Bidhaa iliyomkomboa mtoto mmoja ndiyo iliyomnunulia mfanyabiashara mtoto mwingine.

Kupungua kwa ushanga kama fedha kulitokea haraka. Rumaliza alishindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1894. Wajerumani waliweka kituo Ujiji mwaka 1896 na kingine Usumbura mwaka 1897, wakaja na askari waliolipwa kwa rupia, na baadaye kodi iliyodaiwa kwa rupia. Mwaka 1904 rupia iligawanywa katika heller 100, sarafu ndogo ya kutosha kununulia fungu la ndizi, nafasi ambayo sofi ilikuwa imeishikilia. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mzigo uliochukua miezi kubebwa kichwani sasa ulichukua siku chache. Ushanga ukawa mwingi na rahisi. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 walileta faranga, na kufikia hapo khete na fundo havikuwa vipimo vya malipo tena.

Ushanga uliendelea kuwa pambo, na kwa Waislamu wa Rumonge na wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, punje za mviringo zilizotungwa ziliendelea kuhesabu dhikri katika tasbihi ya punje 33 au 99.

Waliokusanya shanga kwa ajili ya kuziangalia tu walikuja kutoka nje. Mfanyabiashara wa London, Moses Lewin Levin, aliipa British Museum mkusanyo wa sampuli za shanga zake mwaka 1863, nao ni miongoni mwa rejea za kutambulia shanga zilizopelekwa Afrika wakati huo. Kuanzia miaka ya 1960 watu wa Ulaya na Marekani walianza kununua shanga za zamani kutoka Afrika kwa magunia. Ushanga wa kioo hauna ushahidi wa asili yake, kwa kuwa aina moja ya Venice iliuzwa Afrika magharibi, Ujiji na Marekani kwa pamoja, na ukishatolewa mahali ulipovaliwa hausemi umetoka ufuo gani. Kilichobaki kwa mchunguzi ni alama za ufundi: samesame ya zamani huonyesha kiini cheupe ukitazama tundu lake dhidi ya mwanga, na sofi huwa na ncha mbili zilizokatwa bila kuyeyushwa.