Habari za Jiko: Toka Mafiga Mpaka Mbabula ya Udongo

Hapa Mikelenge mama akisema, "Mbabula yangu imekwisha," kila mtu humwelewa. Moto umelitoboa bati, kitako kimeanguka, makala yanadondoka chini. Baba huenda sokoni kununua nyingine ya namna ile ile. Lakini kabla ya kutoa fedha, yafaa tujue habari za chombo hiki.

Wazee wetu walipikia juu ya mafiga matatu, na mithali yasema: Jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga hayana bei, hayachakai, hupokea chungu kikubwa na kidogo. Ila moto wake hukimbia pande zote, kuni huisha upesi, na moshi humwingia kifuani mama pamoja na mtoto aliye mgongoni.

Miji ilipokua, watu walipenda makala, maana ni mepesi kuchukua na moshi wake ni kidogo. Hapo wakatumia mbabula ya bati. Huko Kenya husemwa kwamba jiko la namna hiyo lililetwa na Wahindi waliojenga reli toka Mombasa, kazi iliyoanza mwaka 1896. Mafundi wa mitaani wakajifunza kulitengeneza kwa mabati makuukuu. Bei yake ni ndogo, lakini bati tupu hutupa joto nje: mpishi huungua miguu, na sombe bado haijaiva.

Mwezi wa Agosti 1981 mataifa yalikutana Nairobi kushauriana juu ya nishati. Miaka ile ile watu wa Kenya walitafuta jiko jipya. Walitazama majiko ya Thailand yenye udongo ndani, wakatengeneza ya kwao. Ya kwanza hayakuwa kamili; udongo ulipasuka. Basi akina mama wakapikia, wakataja kasoro, na mafundi wakasahihisha. Mwisho likapatikana jiko lenye kiuno chembamba na kitako kipana, lisipinduke mtu akisonga ugali. Udongo uliochomwa, wenye matundu, ukawekwa sehemu ya juu tu, penye moto. Jiko hilo hupunguza makala kwa theluthi moja, pengine karibu nusu. Kufika katikati ya miaka ya 1990, majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika Kenya.

Tuangalie vema: mhunzi wa zamani hakufukuzwa. Alikata bati lile lile, na mfinyanzi akapata kazi mpya. Wala mama hakukaripiwa kwamba jiko lake ni la kishenzi. Aliulizwa, akajibu, akasikilizwa. Ndiyo sababu jiko likakubaliwa.

Basi, baba, usinunue jiko peke yako. Nenda na yule anayepika. Atazame kama udongo umeshika bati sawasawa, na kama chungu chake kinakaa imara. Bei ikizidi, mhesabu pamoja makala ya mwezi mzima. Tena mkumbuke msitu: kilo moja ya makala hula kilo nyingi za mti.

Neno moja la mwisho. Jiko la makala, la zamani au jipya, lisiingizwe usiku katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mpishi, mhunzi na mfinyanzi: hayo ndiyo mafiga matatu ya jiko jema.