Wazungu Wawili, Mbwa Mmoja na Njia ya Chini kwa Chini: Kwa Nini Stori Hii Inaweza Kukuua

Leo tunaingia chini ya ardhi, kwa hiyo kama unaogopa giza washa kabisa taa ya simu.

Najua stori hii umeshatumiwa kwenye grupu zaidi ya mara moja. Wazungu wawili wanafika Tanga na mbwa wao. Wanaingia Mapango ya Amboni kutalii, wanapotea, wanatafuta njia ya kutokea mpaka basi. Hawaonekani tena. Baada ya miezi kadhaa mbwa wao anakutwa Kilimanjaro, mzima kabisa, amekonda tu. Wengine wanasema alitokea Mombasa. Wengine wanasema wale wazungu walikuwa mke na mume, wengine washikaji. Majina yao hakuna. Mwaka hakuna. Hata jina la mbwa hakuna! Lakini kila anayekusimulia anaapa.

Mimi mwenyewe nilikuwa naipenda sana. Nimeacha kuipenda kwa sababu ya washikaji zangu wawili wa hapa hapa Kasingirima, Ujiji. Siwataji, wenyewe wanajijua na mmoja wao atasoma hapa.

KABURI LENYE NGAZI

Kigoma ukikaa wiki mbili tu lazima usikie habari za mali ya Mjerumani. Utaambiwa kuna njia ya chini kutoka lile jumba la Kaiser mpaka stesheni ya reli. Utaambiwa kuna jiwe lina alama, kuna sanduku la dhahabu, kuna zebaki. Washikaji zangu waliambiwa kuna kaburi la zamani mlimani ambalo si kaburi, ni mlango. Chini kuna ngazi, na ngazi zinashuka mpaka njia inayotokea ziwani.

Wakachimba usiku kwa usiku. Waliposhuka kama mita nne wakaanza kuchimba ubavuni. Usiku wa nne mvua ikanyesha, udongo wa juu ukaporomoka, shimo likaziba. Wao wakabaki ndani ya kile kishimo cha pembeni, wawili, na tochi moja.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Badala ya kutulia na kufukua kule walikoingilia, walianza kuchimba kwenda mbele. Kwa nini? Kwa sababu stori imesema mbele kuna njia. Kila walivyochimba ndivyo walivyojijazia udongo wao wenyewe mgongoni, na hewa ikawa inaisha.

Naomba niwaache humo kidogo. Tutarudi.

AMBONI IMEPIMWA, WADAU

Tuanze na yule mbwa. Amboni iko kilomita kama 8 kutoka Tanga mjini. Ni mapango ya mawe ya chokaa. Jiwe la chokaa huyeyuka polepole kwa maji yenye asidi kidogo, miaka mamilioni, ndiyo maana yanatokea matundu na kumbi ndani yake. Sasa toka Tanga kwenda Kilimanjaro. Katikati una milima ya Usambara, halafu Upare. Mawe ya milima ile ni magumu ya zamani sana, siyo chokaa, maji hayawezi kuyatoboa namna ile. Safari yenyewe kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300.

Na mapango yamepimwa. Mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliingia na vipimo vyao. Wakakuta mapango kumi tofauti, na refu kuliko yote halizidi mita 900 hivi. Hiyo ni kama viwanja tisa vya mpira ukivipanga mstari mmoja. Mbwa angefika Kilimanjaro kwa basi tu.

Wapo wawili wa kweli waliojulikana Amboni, na majina wanayo: Osale Otango na Paulo Hamisi. Miaka ya 1950 walikuwa wakisakwa na polisi wa mkoloni, na mapango yale yakawa maficho yao. Serikali iliwaita majambazi, wananchi wengine waliwaona ni wanaume wa shoka. Ajabu ni kwamba hawa wenye majina hawasambai kwenye grupu kama wale wasio na majina.

Na si Tanga tu. Kule Aksum, Ethiopia, kuna makaburi ya chini ya ardhi ya wafalme wa zamani, mojawapo linaitwa la Mfalme Kaleb. Ukifika watakwambia kuna njia ya siri inatoka humo mpaka Bahari ya Shamu. Yaani kila shimo la dunia hii lina mtu wa kukwambia linatokea mbali.

WAWILI WALIOPOTEA MAKABURINI KWELI

Basi nikajiuliza, hivi kuna watu waliowahi kupotea kabisa kwenye makaburi ya kale, na wakatoka? Wapo. Twende Roma, tarehe 10 Desemba 1593.

Chini ya Roma, Wakristo wa mwanzo walizika maiti zao kwenye vijia vilivyochimbwa ndani ya jiwe laini la volkano. Vijia ni vyembamba, na kila upande kuna vishubaka vya maiti, kimoja juu ya kingine, kama vitanda vya bweni. Halafu chini yake kuna ghorofa nyingine, na nyingine tena. Makaburi ya Domitilla peke yake yana vijia vya kilomita kama 17. Kwa mamia ya miaka mengi ya makaburi hayo yalisahauliwa.

Siku hiyo wakaingia Domitilla Antonio Bosio, kijana wa miaka kama 18 hivi, mzaliwa wa Malta, na msomi mmoja aitwaye Pompeo Ugonio, pamoja na wenzao wachache. Walikuwa na mishumaa. Wakafurahia, kona hii, kona ile, michoro ukutani, mifupa. Walipogeuka warudi, kila kijia kimefanana na mwenzake. Na mishumaa inaisha.

Bosio mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliogopa atafia mle mle, na maiti yake iyachafue makaburi ya mashahidi wa dini yake. Fikiria kijana wa miaka 18 anawaza hivyo gizani.

Walitoka. Hawakutokea Bahari ya Shamu wala Kilimanjaro. Walihangaika mpaka wakaipata njia ya kurudi juu, basi. Na jamaa hakuacha! Aliendelea kushuka chini ya Roma karibu maisha yake yote, ila sasa kwa akili, na jina lake alilokuwa akiliandika ukutani bado linaonekana sehemu mbalimbali. Alifariki 1629, na kitabu chake kikubwa kuhusu makaburi yale kikatoka baada ya kifo chake. Kutoka kwenye kupotea akawa mtu wa kuwaonyesha wengine njia.

WAWILI WETU WA UJIJI

Sasa rudi nyumbani. Hapa Ujiji tuna wawili maarufu kuliko wote, Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871. Watu wengi stori yao inaishia kwenye ile salamu. Ukweli ni kwamba baada ya salamu wale jamaa waliazima mtumbwi wa Said bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji, wakaenda mpaka kaskazini mwa ziwa. Walikuwa wanatafuta nini? Njia ya kutokea! Siyo yao, ya maji. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, sasa maji yanatokea wapi?

Hata hapo stori ya chini kwa chini ilikuwepo. Stanley alisimuliwa habari za mlima Kabogo, wenye mashimo marefu ukingoni mwa ziwa, maji yakiingia humo yananguruma kama radi. Waliopita na mitumbwi walitupa nguo na shanga kumtuliza wa humo. Wapo waliowaza kwamba ziwa linapotelea humo humo.

Livingstone na Stanley wakafika mto Rusizi, wakakuta unaingia ziwani, hautoki. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 1858 Burton na Speke walishaambiwa hivyo hivyo na wenyeji wa kule Uvira. Walioishi pale walijua siku zote, ila aliyeulizwa hakuaminiwa mpaka mgeni ajionee kwa macho yake.

Mwaka 1874 Mwingereza mwingine, Cameron, akauona mto Lukuga, ng'ambo, upande wa Kongo. Huo ndio mlango wa ziwa letu. Uko juu, juani, watu wanaoga na kufua humo. Hakuna shimo.

TURUDI SHIMONI

Washikaji zangu waliokolewa na mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa anawahi mwaloni alfajiri. Alisikia kama ngoma chini ya miguu yake. Akapiga kelele, watu wakaja na majembe, na mabeseni yake ya dagaa yakawa ya kutolea udongo. Mzee mmoja jirani akalala kifudifudi akapiga kelele kwenye udongo: "Wanangu, msichimbe mbele! Rudini huku mlikoingilia!"

Wakasikia. Wakageuka. Watu wakafukua kutoka juu, wao wakafukua kutoka chini, mikono ikakutana. Mshikaji wangu mmoja anasema hajawahi kushika mkono mtamu kama ule, na mpaka leo ni wa nani hajui.

Wametoka wazima, namshukuru Mungu. Lakini mmoja mpaka leo halali taa ikizimwa. Umeme ukikatika usiku anatoka nje kukaa barazani, na mimi nikiwa macho naenda kukaa naye.

Na mali ya Mjerumani? Ipo, ila si ya kuchimba. Mwaka 1916 Wajerumani walizamisha meli yao Graf von Goetzen hapa Kigoma, baada ya kuipaka mitambo grisi isiharibike. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Babu yako huenda aliipanda. Hiyo ndiyo hazina, na kila mtu aliiona.

Kwa hiyo mdau, siku nyingine ukitumiwa stori ya watu wasio na majina walioingia shimoni wakatokea mbali, muulize aliyekutumia mambo matatu: akina nani, mwaka gani, nani alipima. Akikosa majibu, cheka naye, ila usichukue sepetu. Na ukijikuta gizani kweli, geuka. Mlango ni ule ule ulioingilia.

Na huko kwenu je, kuna shimo linalosemwa linatokea wapi? Niandikie hapo chini, nazisoma zote.