Siklidi Wamekula Mimea Yako Yote? Cheki Hii Yenye Hata Mbuna Hushindwa Nayo

Wasee wa kufuga samaki kwa keja, hii ni yenu. Kama ushawahi kununua mimea fiti, ukaipanga kwa tangi usiku ukijiona umetengeneza ka-Diani kako, alafu asubuhi ukaamka ukakuta vijiti tupu vinaelea juu ya maji, tulia. Tuko wengi.

Mimi nilichoma ngiri mbili hivyo. Nilikuwa nimeachana na chuo, nikasema wacha nijaribu biashara ya kuzalisha samaki. Muuzaji mmoja hapo tao akaniangalia machoni akaniambia ile mimea ya Amazon ya majani mapana laini "inakubaliana na samaki wote." Samaki wangu walikuwa mbuna. Kufikia siku ya tatu hakukuwa na mmea wa kuongelea. Vipande vya majani viliziba filta, vingine vikaoza katikati ya mawe, na nikazika samaki wanne nyuma ya ploti. Mmoja alikuwa mama mwenye mayai mdomoni, juu mbuna hubeba mayai na watoto mdomoni kwa karibu wiki tatu. Huyo ndio alikuwa biashara yenyewe.

Kitu muuzaji hakuniambia ni hiki. Mmea ukioza kwa tangi unatoa amonia. Siklidi wa Ziwa Malawi wanataka maji ya alkali, pH kama 7.8 hadi 8.6, na pH ikiwa juu hivyo, amonia ileile inakuwa sumu kali zaidi kuliko kwa maji ya kawaida. Kwa hivyo kwa tangi la mbuna, mmea dhaifu haukuli doh peke yake. Unakuulia samaki.

Jua kwanza unafuga nani

Siklidi ni ukoo mkubwa sana. Hata ile tilapia unadishi na ugali ni mmoja wao. Tabia zao hazifanani, na hapa ndio wasee wengi huanguka.

Mbuna wanaishi kwa mawe ya Ziwa Malawi na meno yao yameundwa kukwangua mwani ulioshika mwamba. Kwao jani ni mwamba mwingine tu wenye dishi. Peacock wanatoka ziwa hilohilo lakini wao hutafuta wadudu kwa mchanga, na majani mara nyingi wanayaacha. Oscar wa Amerika Kusini shida yake si kutafuna, ni kung'oa. Huyo ni jamaa wa sentimita 30, na akiamua mmea umekaa vibaya, unatoka. Wale wadogo wa Tanganyika wanaokaa ndani ya maganda ya konokono pia wasikudanganye. Wana sentimita tano hivi, lakini wanahamisha mchanga kama mkandarasi amelipwa advansi. Kribensis wa Nigeria na Cameroon ndio wastaarabu wa familia, ukiwa nao unaweza kupanda karibu chochote.

Kwa hivyo ukishika mmea kwa duka, jiulize maswali mawili tu: huyu samaki wangu anaweza kuutafuna? Na je, anaweza kuung'oa?

Anubias ndio baba yao

Kama doh yako inatosha mmea mmoja, chukua Anubias. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, huko Cameroon, Gabon na Nigeria, penye unaota pembeni ya mito, mara majani yako nje, mara yamefunikwa na maji. Jani lake ni gumu kama ngozi ya kiatu.

Na kuna siri ingine. Anubias ni wa familia moja na nduma. Unajua venye nduma mbichi inawasha koo? Ni vijisindano vidogo sana vya kalsiamu oksaleti, na familia hiyo inajulikana kwa kuwa navyo. Mbuna akijaribu jani la Anubias, mara nyingi anaonja, anatema, anaenda zake. Ataacha alama za meno hapa na pale, lakini mmea unabaki.

Swali la kung'oa nalo linajibika, juu Anubias hauhitaji kupandwa kwa mchanga kabisa. Una shina nene linalolala kwa upande, na majani yanatokea juu yake, mizizi chini. Shina hilo usilizike. Ukilizika linaoza, na tushaongea kuhusu kuoza. Lifunge kwa jiwe ama gogo na uzi. Uzi wa pamba huoza baada ya wiki kadhaa, wa kuvulia samaki unakaa. Kama una haraka, supaglu ya kawaida inashika hata kwa maji, hasa ile nzito ya jeli. Weka tone kwa shina, bana kwa jiwe ukihesabu hadi thelathini, rudisha kwa tangi. Mizizi itashika jiwe yenyewe. Siku ya kusafisha unahamisha jiwe na mmea wake pamoja, Oscar naye akitaka kung'oa, ajaribu kubeba jiwe.

Tatizo la Anubias ni kuwa unaota polepole kama laini ya Huduma Centre. Jani moja jipya linaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukiupea taa kali sana majani yanajaa mwani. Weka kwa kivuli, chini ya taa ya saa sita hadi nane kwa siku. Uzuri ni mbuna watakusaidia kulamba huo mwani.

Java fern unafuata hapo karibu. Huu ni wa Asia ya Kusini-Mashariki, nao unafungwa kwa jiwe vilevile, shina juu, usizikwe. Wafugaji wengi husema samaki hawaupendi juu ni mchungu. Mimi sijaonja, lakini kwa tangi langu mbuna wameuheshimu. Ukiona vidoti vyeusi vimejipanga chini ya jani usianze kukata kwa hofu, mara nyingi hizo ni mbegu zake za poda. Na ukiona vimmea vidogo vimeota juu ya jani zee, hao ni watoto. Wang'oe, wafunge kwa jiwe lingine. Mimi nilianza na shina moja, sai niko na mawe sita na nimeuzia majirani wawili.

Vali, kwa wenye subira

Kuna msee atasema, sawa, lakini mimi nataka kitu inafanana na ziwa lenyewe. Basi ni Vallisneria, ama vali. Ni nyasi ndefu kama utepe, na kwa kweli inaota ndani ya Ziwa Malawi, kwa zile sehemu za mchanga. Inapenda maji magumu, na hata inajua kuchota kaboni kutoka kwa baikabonati iliyo ndani ya maji hayo, kitu mimea mingi ya tangi haiwezi vizuri.

Lakini vali ina mizizi ya mchangani, na hapo wachimbaji watakusumbua. Ipande wiki tatu ama nne kabla samaki hawajaingia, ama uipande kwa kachungu kadogo ka udongo kenye kokoto, alafu uzungushe mawe. Ile sehemu nyeupe penye majani yanaanzia ibaki juu ya mchanga. Wiki ya kwanza majani yanaweza kuyeyuka yote ukadhani imekufa. Toa yaliyooza, acha mizizi, itarudi. Zile dawa za maji zinauzwa kama kaboni ya chupa, kwa vali ziogope, zinaiyeyusha.

Mbuna wakiwa wengi watailima tu, nisikudanganye. Kwa peacock inakaa fiti sana.

Hornwort hauna mizizi kabisa, unaelea. Mbuna wataula, ndio, lakini unaota haraka kuliko wanavyomaliza, na ukiota unanyonya ile amonia tumekuwa tukiogopa. Kwa mimi mwenye nataka watoto wa samaki, huu ndio mmea wa pesa, juu mama akitema watoto, wanajificha humo ndani. Ubaya wake ni vijisindano unavyopukutisha, kwa hivyo cheki filta kila wiki. Unaota wenyewe hata kwa maziwa yetu kama Victoria na Naivasha, lakini usiende kuvuna huko Dunga uje nao kwa keja. Magugu ya ziwani yanaweza kuja na konokono wa kichocho. Omba mfugaji mwenzako akukatie kipande, hata hauzwi bei.

Maji ya tao

Maji mengi ya mfereji Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na ni laini, madini kidogo. Ya kisima cha ploti ni hadithi ingine kabisa. Kwa hivyo nunua kipimo cha pH kabla ya mmea. Watu wa mbuna huongeza matumbawe yaliyosagwa ama mawe ya chokaa ili pH ipande, na Anubias, Java fern, vali na hornwort zote zinavumilia hiyo. Ile mimea mizuri ya rangi nyekundu inayotaka maji laini, taa kali na gesi ya kaboni, waachie wenye tangi za samaki wadogo wapole.

Pia lisha samaki. Mbuna mwenye njaa ya majani atakula majani. Chemsha spinachi kidogo, bila chumvi na bila royco, ibane kwa jiwe mara mbili kwa wiki. Toa mabaki baada ya masaa machache.

Na ukipunguza mimea, usitupe kwa mtaro ama mto. Gugu maji lililofunika Ziwa Victoria miaka ya 90 lilitoka Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani na watu juu ya maua yake mazuri. Mimi huanika mabaki juu ya mabati hadi yakauke kabisa, alafu nayamwaga kwa gunia la sukuma za mathe.