Nani ameshika usukani? Kisa cha KHTML

Kila ukifungua ukurasa kwa Chrome, simu yako hujitambulisha kwa seva kwa mstari mfupi wa maandishi. Ndani ya mstari huo kuna herufi tano ambazo pengine hujawahi kuziona: KHTML. Zimetoka wapi? Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, alitoa wito kwenye intaneti: nani atasaidia kutengeneza mazingira rahisi kwa watumiaji wa Unix na Linux? Watu wakajitokeza, wengi kwa kujitolea, na mradi ukaitwa KDE. Walihitaji kivinjari, basi wakaandika injini yao ya kusoma kurasa, KHTML. Mwaka 2000 ilikuwa ndani ya kivinjari cha Konqueror.

Wakati huo Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa imeshika soko. Toleo la 6 lilitoka 2001, la 7 likaja 2006. Miaka mitano! Mwenye kodi hakuwa na wa kumkimbiza, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuigusa.

Januari 2003 Apple ikatangaza Safari, na ndani yake kulikuwa na KHTML. Waliichagua kwa sababu ilikuwa ndogo na imepangika: chini ya mistari 140,000. Leseni yake, LGPL, ilisema hivi: tumia, badilisha, hata uza, ila ukisambaza injini uliyoibadilisha, toa kodi yake. Apple ikatoa. Lakini ilitoa kwa mafurushi makubwa, na wana KDE walishindwa kujua kipi kimebadilishwa na kwa nini. Malalamiko yakazidi, na Juni 2005 Apple ikaufungua mradi wenyewe, WebKit, ili kila mtu afuatilie mabadiliko hatua kwa hatua.

Hapo ndipo watu huchanganya mambo mawili: haki ya kuiona kodi, na uwezo wa kuamua inaelekea wapi. Leseni inakupa la kwanza. La pili mara nyingi humwendea anayelipa mishahara ya wahandisi.

Google ilijenga Chrome juu ya WebKit mwaka 2008. Aprili 2013 ikajitenga na kuanzisha Blink. Haikuhitaji ruhusa ya Apple, na hiyo ndiyo nguvu ya programu huria. Lakini ni wangapi wangemudu kujitenga hivyo? Hata Microsoft iliweka injini yake pembeni, na Januari 2020 Edge mpya ikatoka juu ya Chromium, mradi ule ule unaoongozwa na Google.

Kwa hiyo ukisikia programu fulani ni huria, furahi, kisha uliza maswali mawili. Je, naruhusiwa kuondoka na kodi hii? Na nikiondoka, nitaweza kusimama?

KHTML ilijibu ndiyo kwa swali la kwanza tu. Leo limebaki jina, ndani ya ule mstari wa simu yako.