ZILICHOMWA MOTO KAMA TAKATAKA, LEO ZINATAFUTWA KWA TOCHI: STORI YA KOMIKI ZA KUTISHA ZA MAREKANI

Mwaka 1950 kule Marekani, dogo akiwa na senti 10 mfukoni anaingia dukani, anatoka na komiki yenye maiti kwenye jalada. Anaisoma, anampa mshkaji, mshkaji anampa dada yake, wiki ikiisha imechanika na kutupwa. Leo komiki ile ile, kama ikipatikana safi utadhani imetoka kiwandani jana, inaweza kuuzwa makumi ya maelfu ya dola. Siyo dhahabu wala kiwanja, ni karatasi tu ya kutisha watoto. Imefikaje huko? Kaa vizuri, maana stori hii ina kifo, ina mahakama, ina moto na ina jamaa mmoja aliyeficha mzigo.

KIJANA WA MIAKA 25 AACHIWA KAMPUNI

Kampuni yenyewe inaitwa EC. Mwanzo herufi hizo zilisimama badala ya Educational Comics, yaani komiki za elimu, na mzee aliyeianzisha alikuwa akichapisha hadithi za Biblia kwa picha. Mwaka 1947 mzee akafariki kwenye ajali ya boti ziwani. Kampuni ikamwangukia mtoto wake wa kiume, kijana wa miaka 25 aliyekuwa anasomea ualimu na hakuwa na mpango kabisa na biashara ya baba. Alichorithi zaidi ni madeni.

Kijana akakutana na mchoraji mmoja, wakaelewana. Wote wawili walikuwa wamekua wakisikiliza vipindi vya kutisha kwenye redio, wakajiuliza kwa nini mambo yale yasichorwe. Mwaka 1950 yakaingia sokoni majina matatu: Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Herufi EC zikabaki pale pale, ila maana ikageuka kuwa Entertaining Comics. Elimu ikawekwa pembeni, burudani ikachukua kiti.

Komiki hizo zilikuwa na watangazaji watatu wa ajabu, wawili walinzi wa makaburi na mmoja bibi mchawi, wanaokukaribisha kwenye hadithi huku wanakucheka. Ndani humo mume anamuua mke, mke anamuua mume, tajiri anamdhulumu maskini, halafu kurasa za mwisho marehemu anatoka ardhini kuja kudai chake. Ukiondoa damu, fundisho ni lile lile tulilolelewa nalo: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Zikauza hatari. Na kampuni nyingine zikaiga mchezo, nyingine bila akili wala kipaji, mradi damu iwepo.

WAZAZI WAKAPANIKI

Hasira dhidi ya komiki ilikuwepo hata kabla ya hapo. Mwaka 1948, mjini Binghamton, jimbo la New York, wanafunzi walizikusanya komiki na kuzichoma moto hadharani, watu wazima wakiwasimamia. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu vita vya kumpiga Hitler viishe, na Hitler naye serikali yake ilichoma vitabu. Hilo halikuwazuia.

Halafu akaja daktari wa magonjwa ya akili. Haki yake apewe: hakuwa mtu wa kutafuta kiki, alikuwa amefungua kliniki Harlem kuwahudumia watu wasio na uwezo. Mwaka 1954 akatoa kitabu, Seduction of the Innocent, akisema komiki zinawaharibu watoto. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wengi wahalifu aliowaona wanasoma komiki. Tatizo ni kwamba miaka ile karibu kila mtoto wa Marekani alikuwa anasoma komiki, akiwemo yule aliyeongoza darasani. Miongo kadhaa baadaye mtafiti mmoja alipekua mafaili ya daktari huyo, na mwaka 2012 akaanika kwamba maneno ya watoto yalikuwa yamebadilishwa na kuunganishwa ili yakubaliane na hoja.

Lakini mwaka 1954 hakuna aliyeyajua hayo. Tarehe 21 Aprili kamati ya Seneti ikakaa New York kusikiliza kesi ya komiki, na bosi wa EC akajipeleka mwenyewe kujitetea. Seneta mmoja akanyanyua toleo namba 22 la Crime SuspenStories. Jaladani kuna mwanaume ameshika shoka mkono mmoja, mkono mwingine ameshika kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Akaulizwa: hili ni jambo la staha? Akajibu kwamba ndiyo, kwa jalada la komiki ya kutisha lina staha, na lisingekuwa na staha kama kichwa kingenyanyuliwa zaidi damu ionekane inachuruzika shingoni.

Hapo ndipo alipojimaliza. Kesho yake jibu hilo lilikuwa ukurasa wa mbele wa New York Times.

Na Uingereza nako hakukuwa shwari. Mwezi Septemba mwaka huo huo, watoto wengi wa Glasgow walivamia makaburi wakimtafuta mnyonya damu mwenye meno ya chuma. Lawama moja kwa moja zikaenda kwa komiki za Marekani, na mwaka 1955 Bunge likapitisha sheria ya kuzizuia.

HAWAKUFUNGIWA, WALIJIFUNGA

Hapa watu wengi wanachanganya. Serikali ya Marekani haikuzipiga marufuku komiki za kutisha. Wachapishaji wenyewe, kwa woga, waliunda chombo chao mwaka 1954 na kuweka kanuni: hakuna neno "horror" wala "terror" kwenye jina la komiki, hakuna wafu wanaotembea, hakuna wanyonya damu. Komiki isiyo na muhuri wa chombo hicho, wasambazaji hawaigusi. Ni kama wimbo wako haujafungiwa, ila hakuna redio inayoupiga.

EC ikaua majina yake ya kutisha. Wachoraji waliokuwa kwenye kilele cha kazi yao wakabaki wanatafuta vibarua. Kilichomwokoa bosi ni komiki yake ya vichekesho, Mad, ambayo mwaka 1955 iligeuzwa kuwa jarida, na majarida hayakuhitaji muhuri.

MZIGO ULIOFICHWA

Sasa sikia hii. Yule bosi alikuwa na tabia moja: kila toleo likitoka, alikuwa anachukua nakala chache zikiwa mpyaa, hadi 12, anazifunga na kuziweka stoo. Hazikusomwa wala kupigwa jua. Seneti ikapita, moto ukazimika, watoto wa 1950 wakawa wazee, mzigo bado umelala. Ulianza kuuzwa kwa wakusanyaji kwenye minada, kila nakala na cheti chake, na yeye mwenyewe akafariki mwaka 1992. Mpaka leo mkusanyaji akisikia nakala imetoka kwenye stoo ile, mapigo ya moyo yanabadilika.

Kwa nini? Kwa sababu komiki zilichapishwa kwenye karatasi ya bei rahisi kama ya gazeti. Karatasi ile ina asidi inayoila yenyewe taratibu, inakuwa ya njano, kahawia, mwisho inavunjika kama chapati kavu. Pini zinashika kutu. Mgongo unapata mikunjo. Kwa hiyo kuipata ya miaka 70 na kurasa zake bado nyeupe ni bahati ya mtende.

Tangu mwaka 2000 kuna kampuni inaitwa CGC ambayo kazi yake ni kukagua komiki na kuipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha inaifungia kwenye plastiki ngumu. Tofauti ya 9.2 na 9.6 jicho la kawaida halioni, ila mfuko unaiona. Wapo wajanja wanaopaka rangi sehemu iliyochubuka ili ionekane mpya. Wakaguzi wakiigundua, inapewa lebo ya zambarau na bei inaporomoka.

Mtego mwingine ni wa namba. The Vault of Horror ilianzia namba 12, siyo 1, kwa sababu kampuni ilirithisha namba za komiki nyingine ya zamani ili kukwepa gharama za posta. Ukiona namba 1 inauzwa, hiyo ni ya kurudiwa miaka ya 1990, usitoe mkwanja wa 1950.

SWALI LENYEWE

Komiki yenye alama 9.8 ina maana hakuna mtoto aliyewahi kuilalia tumbo akiisoma usiku. Na ikishafungiwa kwenye plastiki, hakuna atakayeisoma tena mpaka aivunje plastiki na kupoteza alama. Wakati huo huo kuna nakala za alama 2, kona zimeliwa, jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu jaladani. Hizo ndizo zilizofichwa chini ya godoro wakati wenzake wanapeleka zao kwenye moto, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya ile safi.

Wewe mdau ungepewa uchague moja, ungechukua ipi: safi ya kufungia kabatini, au iliyochakaa yenye jina la mwenyewe? Shusha komenti hapo chini, na useme kwa nini.