Kurekodi mazungumzo kazini kwa siri: sheria hubadilika mpakani

Dereva anayeamriwa na meneja wake kubeba mzigo uliozidi uzito mara nyingi hana karatasi ya kuthibitisha. Amri hutolewa kwa mdomo, na faini ya mizani ikija anakatwa mshahara. Kilichobaki ni simu yake ya mkononi. Kama anaruhusiwa kumrekodi bosi bila kumwambia, hilo hutegemea yuko nchi gani.

Uganda imeliandika jambo hili wazi. Sheria yake ya mwaka 2010 kuhusu kunasa mawasiliano inawakataza watu kunasa mawasiliano bila hati ya mahakama, lakini haimzuii aliye mhusika wa mawasiliano hayo, wala aliyepata ridhaa ya mhusika mmoja. Dereva anayerekodi simu aliyopigiwa mwenyewe hakatazwi na sheria hiyo.

Akivuka Katuna na kuingia Rwanda, mambo ni mengine. Sheria ya makosa ya jinai ya 2018 inamwadhibu anayesikiliza mazungumzo ya mtu kwa siri au kuchukua sauti yake bila idhini, kwa nia mbaya. Adhabu ni kifungo cha miezi 6 hadi mwaka 1, faini ya faranga 1,000,000 hadi 2,000,000, au kimojawapo. Maneno "nia mbaya" ndiyo yenye uzito hapa. Aliyeitunza sauti kwa ajili ya kesi ana la kujitetea. Aliyeirusha kwenye kundi la WhatsApp la madereva atapata taabu kueleza.

Kenya na Tanzania hutegemea zaidi katiba na sheria za jumla. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha, lakini ibara ya 50 haitupi moja kwa moja ushahidi uliokiuka haki: hukataliwa iwapo kuupokea kutaharibu haki katika kesi. Tanzania ina ibara ya 16 ya Katiba, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na sheria ya taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023.

Kuacha simu ikirekodi kwenye droo ya mhasibu huku mwenyewe umetoka ni jambo jingine kabisa. Hapo wewe si mhusika, ni mpelelezi.

Wenye malori nao wasijisahau. Kamera ya kwenye kebini inayonasa sauti ni ukusanyaji wa taarifa binafsi, na dereva lazima ajulishwe. Nchini Kenya faini hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo.

Kesi nyingine huharibikia kwenye utunzaji. Mahakama hutaka kujua sauti ilirekodiwa kwa chombo gani na nani aliitunza. Kenya hudai na hati maalumu ya kuithibitisha. Anayemtumia wakili kipande kilichokatwa, kisha akaiuza simu, amebaki na maneno matupu.