Muhuri wa Boma, Ufunguo wa Seva

Niko Tukuyu. Mvua haijakatika tangu asubuhi, si mnaijua Rungwe tena! Nimejifungia ndani na laptopu, narekebisha tovuti yangu. Tovuti yenyewe haiko hapa, iko kwenye seva huko Ujerumani. Nimejikuta nacheka peke yangu. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Wajerumani ndio waliokuwa wakituma amri huku, na mji huu wakauita Neu-Langenburg. Leo mimi nimekaa Tukuyu natuma amri kwao.

Ila swali ni lile lile la enzi zile. Anayepokea amri kutoka mbali atajuaje kwamba anayeamuru ana haki ya kuamuru?

Enzi za boma jibu lilikuwa saini na muhuri. Ubaya wa muhuri ni kwamba haumjui mwenyewe. Ukiibwa, aliyeushika ndiye bwana mkubwa. Na neno la siri tunalotumia kwenye kompyuta ni muhuri tu: atakayelijua anakuwa wewe. Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kuingia kwenye seva yangu kupitia kompyuta ya kukodi katika kibanda kimoja cha intaneti. Siku tatu baadaye kuna mtu aliingia kwa jina langu na kufuta makala za miezi minne. Neno langu la siri lilikuwa limebaki palepale kwenye kiti.

Sikuwa wa kwanza kulizwa. Mwaka 1995, kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, iligundulika programu iliyokuwa ikinasa majina na maneno ya siri ya watu yakiwa njiani. Wakati huo yalisafiri wazi wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika programu aliyoiita SSH. Kwanza, kila kitu kisafiri kimefichwa. Pili, mtu aweze kujitambulisha kwa ufunguo badala ya neno la siri.

Ufunguo huo si wa chuma, ni hesabu. Wazo lilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, ingawa wataalamu wa ujasusi wa Uingereza walikuwa wameshalifikia na kulificha hadi 1997. Unakuwa na funguo mbili pacha. Wa wazi unauweka kwenye seva, hata adui akiuona hakuna neno. Wa siri unabaki kwako. Ukibisha hodi, seva inakupa fumbo jipya. Ufunguo wa siri unalitia saini, ule wa wazi unahakiki saini. Siri yenyewe haikutoka nyumbani!

Haya, umeingia. Lakini kuingia ndani ya boma si kukalia kiti cha mkuu wa boma. Kwenye kompyuta za Unix kiti hicho kinaitwa ruti: mwenye nacho anaweza kufuta chochote. Karibu mwaka 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wa chuo kikuu cha Buffalo, Marekani, walitengeneza sudo, programu inayompa mtumiaji wa kawaida ruhusa ya ruti kwa amri moja moja. Tatizo ni kwamba kwa kawaida sudo inakuuliza neno la siri. Kama seva ya mbali imeshatekwa, umempelekea mwizi muhuri mwenyewe.

Ndipo ilipokuja moduli iitwayo pam_ssh_agent_auth. Ukiomba uruti, seva haikuulizi neno la siri. Inarudisha fumbo hadi kwenye laptopu yako, linatiwa saini huku, na jibu tu ndilo linalosafiri.

Kuna sharti moja: orodha ya funguo zinazoruhusiwa lazima iwe mikononi mwa ruti, si ya mtumiaji. La sivyo, mwombaji ataongeza ufunguo wake na kujipandisha cheo. Wazee wetu wa Kinyakyusa walilielewa hili. Malafyale hakujitawaza. Kizazi kilichotangulia ndicho kilichokabidhi nchi, mbele ya watu, katika sherehe ya ubusoka. Wakaja Waingereza, na kwa sheria ya mwaka 1926 wakajipa wao kazi ya kuandika orodha: chifu akawa na mamlaka kwa sababu serikali imemtambua. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta vyeo hivyo. Aliyeshika orodha ndiye aliyeshika nchi.

Msidhani ufunguo ni dawa ya kila ugonjwa. Ukiruhusu seva iifikie laptopu yako ili kupata saini, ruti wa seva hiyo anaweza kuomba saini kwa jina lako muda wote ukiwa umeunganishwa. Hauibi ufunguo wako, anauazima bila hodi. Kwa hiyo ruhusu seva unayoiamini tu, na uiagize laptopu ikuulize kila mara kabla ya kutia saini. Tangu mwaka 2020 OpenSSH inakubali pia vifunguo vya kuchomeka ambavyo lazima uviguse kwa kidole.

Leo nimemaliza kazi niliyokuwa nikiiahirisha. Nimefungua orodha kwenye seva yangu nikakuta funguo tano. Wangu ni mmoja. Mwingine ni wa rafiki aliyenisaidia, tukaachana kwa ugomvi miaka mingi iliyopita, na siku zote hizo angeweza kuingia na kusoma majina ya watu walionieleza mambo kwa siri. Tatu sizikumbuki kabisa. Nimezifuta zote nne.

Na wewe, orodha yako umeisoma lini?